Moto ndani ya ndege: maswali yanayorudi kila siku barzani na kwenye magrupu

Kila ndege ikiwaka moto popote duniani magrupu ya WhatsApp ya Unguja na Pemba yanajaa maswali, na maswali yenyewe ni yale yale, tena wengi wanaulizia ile ya Saudia ya 1980 kwa sababu anayekwenda Umra au Hija anaishia Jeddah na hakuna asiyekuwa na mtu wake aliyepita njia ile. Nimeyaweka pamoja hapa ili mtu akiuliza aambiwe nenda swali la ngapi, tusianze upya kila siku.

## Tukio lenyewe

1. Hiyo ndege ya Saudia ni ipi hasa?

Safari nambari 163, tarehe 19 Agosti 1980. Ndege ilikuwa Lockheed TriStar, ile kubwa ya injini tatu, ilitoka Karachi ikashuka Riyadh, ikapakia, ikaruka tena usiku kwenda Jeddah. Dakika kama saba hewani kengele ikalia kwamba kuna moshi chini nyuma, panapowekwa mizigo. Wakageuza wakarudi Riyadh na wakatua vizuri tu. Ndani mlikuwa na watu 301, hakutoka hata mmoja akiwa hai.

2. Sasa kama ilitua salama mbona hakutoka mtu?

Hapa ndo kwenye kazi yote, na ndo pale watu barzani wanapokamatana mashati. Hakuna jibu moja, ni mambo yaliyopangana moja juu ya jengine.

Muda ulianza kupotea huko huko juu. Kengele ilipolia zaidi ya dakika nne zilikwenda kwenye kuhakikisha tu kama ni kweli au mtambo unasema uongo, mara wanatafuta maelekezo kwenye vitabu, mara mhandisi wa ndege anatoka kwenda kuangalia nyuma anarudi anasema kuna moto. Wakati wanarudi ule mkono wa kuongozea injini ya katikati ukakwama, manake moto ulishafika kwenye waya wake. Wahudumu wakawa wanauliza, tukitua tuwatoe watu? Hawajibiwi kinachoeleweka, na mwisho kabisa rubani akasema waambiwe wasitoe watu.

Magurudumu yakagusa chini. Mtu angetegemea breki zifungwe ndege isimame hapo hapo, lakini iliendelea kutembea ikakata kona ikatoka kwenye njia ya kurukia, dakika 2 na sekunde 40 mpaka kusimama. Ikasimama, injini bado zinanguruma, dakika 3 na robo nyengine. Injini ya ndege ikiwa inafanya kazi zimamoto hasogei, itamvuta au itamtupa. Mnara ukawaambia moto unaonekana mkiani, wakajibu wanazima injini na wanawatoa watu, na hayo ndo maneno ya mwisho kusikika.

Injini zikazimika, hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Waokoaji wa nje nao hawakuwa na mafunzo wala vifaa vya kutosha, wakahangaika na milango wasiyoijua, na mlango wa pili wa kulia ulipofunguka zilikuwa zimeshapita dakika 23 tangu injini kuzimwa. Dakika tatu baadae ndani kote kukaripuka moto. Kwa nini wa ndani hawakufungua, uchunguzi unaona kwamba wakati ule walikuwa wameshalewa moshi au wameshakufa, na kuna hoja pia kwamba presha ya ndani ilikuwa haijatoka, na milango ya aina ile presha ikiwemo haifunguki kwa nguvu za mtu.

Mimi nikisoma habari hii kinachoniuma si moto, ni zile dakika za chini. Hewani unaweza kusema Mungu hakutaka, lakini ndege imeshafika ardhini.

3. Kwa hiyo waliungua?

Wengi wanaokufa kwenye moto wa ndege wanakufa kwa moshi kabla moto haujawafikia. Viti, mazulia, mapambo ya plastiki na sponji vikiungua vinatoa hewa ya sumu, kabonimonoksidi na nyengine ya jamii ya sayanidi, na pumzi chache tu zinatosha mtu kulegea magoti, akili inamruka, hajui mlango uko mbele au nyuma. Manchester, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985, Boeing 737 ilikuwa haijaacha ardhi, injini ikapasuka wakati inakimbia kuruka, wakafa 55 na katika hao 48 ni moshi.

Na kuna la tatu ambalo watu hawalijui, moto unaoripuka kwa mkupuo. Ndege ya Air Canada nambari 797, DC-9, tarehe 2 Juni 1983, moto ulianzia upande wa choo cha nyuma, wahudumu wakawasogeza abiria mbele wakawagaia taulo zilizorowekwa maji wazibe pua, rubani akaishusha Cincinnati kwa tabu kubwa vyombo vingi vimekufa. Milango ikafunguliwa, hewa safi ikaingia, na baina ya sekunde 60 na 90 ndani kukawaka kote kwa pamoja. Walikuwa 46, wakatoka 23.

4. Lakini si ilikuwa abiria anapika chai na jiko la gesi?

Hii ndo habari iliyosafiri kuliko ndege yenyewe, na hata leo kuna watu wazima wanaihadithia kama waliiona kwa macho.

Ilianzia hapa: kwenye mabaki yalikutwa majiko mawili madogo ya gesi, na karibu na moja palikuwa na mtungi wa kuzimia moto uliokwishatumika. Ukiona hivyo na wewe utasema kesi imekwisha, jiko lile, mtungi ule, abiria masikini asiyejua ndege alitaka chai yake. Lakini wachunguzi walifuata moto ulikoanzia wakakuta umetokea chini, kwenye sehemu ya mizigo inayoitwa C-3, ukapanda juu kupitia sakafu ya abiria. Chanzo chenyewe huko chini hakikupatikana. Majiko yalikuwamo, ndiyo, na hayakutakiwa kuwamo, lakini ripoti haikusema kwamba ndiyo yaliyoanzisha.

Mimi naona hadithi ya chai ilishika kwa sababu inampa lawama maiti, na maiti hajibu. Tena maiti wa kimasikini, mtu wa shamba. Ukimlaumu yeye huna haja ya kuuliza kwa nini sehemu ya mizigo ilishindwa kuuzuia moto, kwa nini ndege haikusimama, kwa nini zimamoto hawajui mlango. Na yale yaliyobadilishwa baadae yanakuonesha wenyewe wenye kazi yao walitizama wapi: Lockheed waliondoa vitambaa vya kuzuia joto juu ya sehemu ile ya mizigo wakapaimarisha, na shirika likapitia upya mafunzo na taratibu za dharura.

## Uchunguzi

5. Ikitokea hapa Zanzibar, Mungu aepushe, nani anachunguza?

Watu wengi wanachanganya kwa sababu ya boti. Mambo ya bahari yana mamlaka yake ya Zanzibar, na MV Spice Islander ilipozama tume iliundwa hapa hapa na Rais wa Zanzibar. Usafiri wa anga lakini ni jambo la Muungano. Kiwanja cha Kisauni na cha Pemba vinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, ila ajali ikitokea wanaochunguza ni kile kitengo cha uchunguzi wa ajali za ndege cha wizara ya Muungano inayohusika na uchukuzi.

Hawafanyi peke yao. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kile kiambatisho cha 13, zinasema nchi ilipotokea ajali ndo inaongoza, na nchi iliyotengeneza ndege, iliyoisajili na yenye shirika zina haki ya kuleta watu wao. Ndo mana Precision Air ilipoingia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19 katika 43, wachunguzi wa Ufaransa walikuja, ndege ile ATR imetengenezwa kwao.

6. Mbona ripoti inachukua miaka, wanapika nini?

Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na hiyo inasema yaliyotokea tu, usitegemee sababu humo. Ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi 12 ikiwezekana, ikishindikana watoe maelezo kila mwaka tarehe ya ajali ikifika.

Moto ni mgumu kuliko ajali nyengine kwa sababu unakula ushahidi wake wenyewe. Swissair 111 iliyoanguka baharini Kanada tarehe 2 Septemba 1998 na watu 229, walikusanya vipande kutoka chini ya bahari wakavipanga upya kama ilivyokuwa, zaidi ya miaka minne, mpaka wakafika kwenye nyaya za juu ya dari karibu na chumba cha marubani na kile kitambaa cha kuzuia joto kilichotakiwa kisishike moto na kikashika. Sasa mtu anayetaka jibu Ijumaa baada ya ajali ya Jumatano sijui umwambie nini.

7. Mbona ripoti haisemi nani afungwe?

Kwa sababu si kazi yake, na hiyo imeandikwa wazi kwenye kanuni: lengo ni kuzuia nyengine isitokee. Rubani au fundi akijua kila neno lake litampeleka jela Kilimani atanyamaza, na akinyamaza sote tumepoteza. Kushitaki ni njia nyengine, polisi na mahakama, na kuna nchi zinashitaki kweli, tazama swali la 10.

8. Sanduku jeusi si linasema kila kitu?

Kwanza ni la rangi ya chungwa ili lionekane. Ni mawili, moja linanasa sauti za chumba cha marubani jengine linanasa mwenendo wa ndege. Yametengenezwa yahimili moto na maji, lakini nyaya zinazoyapelekea umeme hazihimili. Kwenye Swissair 111 yote mawili yalikatika dakika kama sita kabla ya ndege kuanguka, yani pale pale ulipotaka kusikia.

9. Wakisema chanzo hakijulikani si ndo wanaficha?

Inawezekana mtu akaficha, sisemi haiwezekani. Ila "hakijulikani" kwenye moto ni jibu la kawaida, limetoka Riyadh na limetoka Cincinnati, sehemu mbili zisizohusiana kabisa.

Mfano wa bahari yetu hii hii ni Helderberg, Boeing 747 ya South African Airways iliyotoka Taipei ikaanguka karibu na Mauritius tarehe 28 Novemba 1987, watu 159. Nusu ya ndani ilikuwa abiria nusu ya nyuma mizigo, na moto ulikuwa kwenye mizigo. Mabaki yalikuwa chini zaidi ya mita 4,000 na kinasa sauti walikitoa Januari 1989. Tume ya jaji Margo ikasema moto ulikuwepo, nini kilichouanzisha haikuweza kusema. Sasa ile ni serikali ya kibaguzi, imewekewa vikwazo vya silaha, inasema haijui ndani ya ndege yake kulikuwa na nini, nani aamini? Watu wakasema ilibeba vitu vya kutengenezea silaha, na mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya huko Afrika Kusini ikalisikiliza upya. Haikuthibitika. Lakini huwezi kuwalaumu waliokuwa na shaka, serikali iliyozoea kudanganya siku ikisema kweli inakuwa ghali kuaminiwa.

Nasi hapa tuna letu. Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, inakwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi, ikazama upande wa Nungwi, na hesabu ya waliokufa mpaka leo ukiitaja Wete au Micheweni utapata mtu wa kukubishia kwa sababu kwao tu anakuhesabia majina. Mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mtu aliyepita kwenye hayo ukimwambia subiri ripoti anakutizama tu.

## Maneno ya watu

10. Waliobeba mabegi wameua wenzao, kweli au si kweli?

Hili liliwaka sana kwa ndege ya Aeroflot nambari 1492, Moscow, tarehe 5 Mei 2019. Ndege ya Sukhoi ilipigwa na radi ikarudi, ikatua kwa kurukaruka, mafuta yakamwagika ikashika moto nyuma, wakafa 41 katika 78. Kisha ikatoka vidio ya watu wanatelezea chini na mabegi mikononi, na dunia nzima ikahukumu siku ile ile.

Kubeba begi ni kosa, hilo halina mjadala, njia ni nyembamba na begi linaweza kutoboa mpira wa kutelezea. Ila waliokufa wengi walikaa nyuma moto ulikoingilia, na kuchukua picha ya mtu mmoja na begi lake ukasema huyu kaua wale ni kumuhukumu kwa kipande cha vidio. Mahakama ya Urusi mwaka 2023 ilimfunga rubani miaka sita, na hilo nalo lina wanaolipinga.

Ukitaka kuona upande wa pili tizama Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines imegongana na ndege ya walinzi wa pwani, inawaka, spika za ndani hazifanyi kazi, wahudumu wanapiga kelele na vipaza sauti vya mkononi, mipira mitatu tu katika minane ndo inatumika. Watu 379, wote wakatoka, karibu wote wameacha mabegi. Kwenye ile ndege ndogo walikufa watano katika sita.

11. Nimetumiwa klipu, niisambaze?

Usisambaze. Nusu yake ni ya ajali nyengine ya miaka iliyopita, na nusu ikiwa ya kweli kuna mtu atamuona mamake humo kabla hajapigiwa simu.

12. Waliokufa kwa moto ni mashahidi? Na wanazikwaje kama hawatambuliki?

Masheikh wetu wanasema aliyekufa kwa moto anahesabiwa katika mashahidi, na hadithi inamtaja pamoja na aliyekufa maji. Tafsili muulize sheikh wako, mimi si mtu wa fatwa.

Kuhusu kuzika, ugumu uko hapa: sisi tunataka kuzika leo leo, na maiti aliyeungua anatambuliwa kwa alama za vidole, meno au vinasaba, na hiyo inachukua siku, pengine wiki. Familia zinakasirika zinaona zinacheleweshewa mtu wao. Lakini ukizika kwa kukisia saa au nguo, kuna nyumba nyengine itazika mtu wako.

## Kwa anayesafiri

13. Pawabenki naweka wapi?

Begi la mkononi, kamwe si kwenye begi linaloshushwa chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikiripuka huko hakuna mtu wa kuimwagia maji. Mpaka saa-wati 100 (imeandikwa Wh) ni ruhusa, baina ya 100 na 160 mpaka shirika likubali na zisizidi mbili, zaidi ya hapo hapana. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 ugawe kwa 1,000: ile ya 20,000 inakuja 74, umesalimika.

Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan kule Korea Kusini iliungua ikiwa bado iko chini, moto ulitoka kwenye kabati la juu la mabegi, watu 176 wakatoka wote, na uchunguzi ukaelekea kwenye pawabenki. Tangu 1 Machi mwaka huo kwao ni marufuku kuiweka juu, ikae karibu nawe. Hata kama safari yako haina sheria hiyo ifanye tu, ikianza kupata moto uione mapema. Na simu ikidondoka ndani ya kiti usisogeze kiti kuitafuta, muite muhudumu.

14. Moshi ukiingia nifanye nini?

Inama, hewa nzuri iko chini, ziba pua na mdomo na kitambaa, mtandio unatosha na ukirowa bora zaidi. Fuata taa za sakafuni, hizo zimewekwa baada ya ile ya Air Canada kwa sababu taa za juu moshi unazifunika. Ukikaa tu mwanzo hesabu viti mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma, ili gizani uhesabu kwa mkono. Kanuni inataka ndege iweze kutolewa watu wote kwa sekunde 90 nusu ya milango ikiwa imefungwa, lakini hiyo ni bila mabegi, tazama swali la 10.

15. Bibi anataka kwenda Hija na jiko lake dogo la gesi, je akilifunga vizuri?

Hapana. Mtungi wa gesi ya kupikia hauingii si juu si chini, hata ukifungwa na kanga saba. Amwachie mwanawe, huko chai ipo.

16. Hizi ndege ndogo za Pemba nazo?

Zile Caravan za injini moja hazina choo wala muhudumu, rubani ndo anayegeuka nyuma kukueleza mikanda na mlango, na watu hapo ndo wanapiga selfi. Mtizame. Mlango wa abiria uko nyuma, na nje ikiwa chini ni bahari kumbuka koti la kuokolea linajazwa ukishatoka, si ndani.

17. Fidia ikoje?

Safari za nje zinakwenda na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo. Mpaka SDR 151,880 kwa kila abiria, kiwango cha tangu mwisho wa 2024, familia haina haja ya kuthibitisha kosa la shirika. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Zaidi ya hapo shirika linaweza kujitetea. Muda wa kufungua kesi ni miaka miwili, ukipita umekosa, na hapa watu wetu wanapotea kwa kusubiri ripoti, ilhali kesi haisubiri ripoti. Unguja kwenda Pemba ni safari ya ndani, hiyo inafuata sheria za nchi, muone wakili mapema.

18. Sigara marufuku, mbona chooni bado kuna kibati cha majivu?

Swali dogo lakini linaulizwa kila mara. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya Varig 820, Boeing 707 kutoka Rio, iliwaka moto upande wa choo cha nyuma ikakaribia Paris, rubani akaishusha shambani kabla ya kufika Orly, wakafa 123 na wakapona 11, kumi katika hao ni wafanyakazi wa ndege. Sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi ndo iliyoshukiwa. Tangu hapo sheria inajua kwamba mkaidi hakosekani, atavuta tu, basi akishavuta apate pa kuizimia pasipokuwa na karatasi. Ndo mana kibati kipo, hata kwenye ndege iliyotoka kiwandani jana.